Uchovu wetu upimwe kwanza, makopo baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Najua huwa mnapenda barua fupi na hii yangu ni ndefu, ila nimekaa nayo kifuani muda mrefu na nikiikata itakuwa nimesema nusu. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nashona sare za shule, nina miaka 54 na kisukari ninacho tangu 2013. Kinachonifanya niandike ni haya matangazo ya virutubisho vya kuongeza nguvu, yamejaa magazetini, redioni, kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka kwenye nguzo za umeme kule stendi ya Msamvu, yani kopo lilelile moja linauzwa kwa mgonjwa wa kisukari, wa presha, wa figo, wa selimundu (sikoseli) na anayetumia ARV, na wote wanaahidiwa watapata nguvu. Wote kopo moja. Hapo ndipo panaponiuma, na nina sababu.

Nianze na uchovu wenyewe maana asiyeujua anaweza kudhani tunadeka. Mtu mwenye afya akisema kachoka ina maana kafanya kazi, akioga akala akalala, asubuhi anaamka mpya. Sisi wenye magonjwa ya muda mrefu tunaamka tumechoka. Kwangu ulianza 2021 pole pole. Natandika kitambaa mezani, nachora kwa chaki, nikishika mkasi nasikia mikono haina kitu ndani, inabidi nikae kwanza, nikimaliza kukata sketi mbili najikuta nimelala palepale juu ya vitambaa na wateja wanagonga mlango. Desemba na Januari ndio msimu wetu, wazazi wanakuja kwa mpigo, zamani nilikuwa natoa sketi kumi na mashati sita kwa siku na jioni bado napika, lakini msimu ule nilirudisha advansi za wazazi tisa kwasababu nisingeweza kuwamalizia kabla shule hazijafunguliwa. Mmoja akasema fundi kazeeka, nami nikaamini.

Kliniki nilikuwa siruki hata mwezi mmoja. Foleni, mzani, presha, wanachoma kidole, wanaangalia sukari, unaambiwa sukari yako nzuri mama endelea na dawa. Dawa yenyewe ni metformin, nilianza na miligramu 500 mara mbili, baadae nikapandishwa mpaka 1000 asubuhi na 1000 jioni. Nikisema nimechoka najibiwa ni umri, au punguza kazi, au pumzika. Siwalaumu sana wale manesi, mmoja anahudumia watu sitini kabla ya saa sita mchana na yeye mwenyewe hajanywa chai. Lakini hakuna hata siku moja aliyeniuliza uchovu wako ukoje, umeanza lini, miguu je, ulimi je, unakula nini. Na ukiona hospitali hawakuulizi, yule atakayekuuliza ndio utamsikiliza.

Aliyeniuliza alikuwa mwenzangu wa kwaya. Alikuja nyumbani, akakaa nami karibu masaa mawili, akanisikiliza mpaka nikatokwa machozi, hilo nalisema kwa haki yake, hakuna mhudumu aliyewahi kunipa hata dakika kumi. Halafu akafungua begi akatoa kopo. Mama yangu, akasema, hii sio dawa, hiki ni chakula, haina kemikali haina madhara, ina madini ya chuma, ina zinki, ina foliki asidi, ina vitamini na unga wa majani, itakurudishia nguvu ndani ya siku ishirini na moja. Kopo moja elfu 165, dozi kamili makopo matatu. Laki nne na elfu tisini na tano Mhariri. Nilizitoa kwenye vikoba, kile kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nikakopa kwa jina langu. Akanipa na masharti, kwamba ili mwili usafike niache nyama, samaki, dagaa, mayai na maziwa kwa muda wote wa dozi, nile majani na matunda tu. Na mimi nikatii kama mtoto, hata chai ya maziwa niliyoizoea tangu kwa mama yangu nikaiacha.

Wiki mbili za mwanzo nilijisikia vizuri, sitasema uongo. Nadhani ni yale matumaini, na kwamba kuna mtu alikuwa ananipigia kila asubuhi kuniuliza nimeamkaje. Baada ya hapo uchovu ukarudi na mwenzake, miguu ikaanza kuwaka moto usiku kama nimekanyaga majivu, halafu ule moto ukawa unageuka ganzi. Nikamwambia dada yule, akasema hiyo ni sumu inatoka, usiogope, ongeza kijiko. Nikaongeza kijiko.

Sasa fundi yeyote wa cherehani ya miguu anajua, wewe hutazami kanyagio, mguu wako ndio unajua. Unausikia ule mzigo wake, unajua umefika wapi, mkono unaongoza kitambaa na mguu unaongoza mwendo. Mimi nikaanza kushona nikiinama kuangalia chini kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza kwasababu nilikuwa sijui mguu upo juu ya kanyagio au umeteleza. Mara nyingine ndala inachomoka na mimi naendelea kukanyaga, sina habari. Siku moja ya Novemba 2022 mjukuu wangu wa miaka mitano alikuwa anacheza na vitufe sakafuni akaniambia bibi mbona una pini mguuni. Nikacheka nikamwambia acha utani. Nikageuza unyayo, pini ilikuwa imezama mpaka kwenye kichwa chake, ile ya kichwa cheupe, na damu imekauka kwenye vidole. Sikuisikia ilipoingia, sikuisikia kwa muda wote niliotembea nayo, na hata nilipoichomoa sikusikia kitu. Nilikaa pale nimeishika mkononi, mjukuu ananiangalia usoni, sikujua nimwambie nini.

Mwenye kisukari anajua kidonda cha mguu kinaishia wapi. Nilienda kesho yake asubuhi, na bahati yangu siku hiyo alikuwepo tabibu kijana mgeni, labda ana miaka 27, akaniambia mama keshokutwa rudi na kila kitu unachomeza, kila kitu, hata cha kienyeji, weka kwenye mfuko mmoja uniletee. Nikaleta. Akamimina mezani, vidonge vya sukari, vya presha, panadol, kopo la tatu lililobaki robo, na chupa ya mlonge. Akachukua kopo akalisoma kwa tochi ya simu maana yale maandishi ni madogo kama mayai ya chawa. Akaniuliza mama unakula nyama. Nikasema nimeambiwa niache. Samaki? Nimeacha. Mayai, maziwa? Nimeacha. Metformin unatumia tangu lini? Tangu 2013 mwanangu. Akaniambia toa ulimi. Ulimi wangu ulikuwa mwekundu na laini hauna ule mkwaruzo wake, mimi nilidhani ni pilipili.

Alichonieleza nitakiandika kama nilivyokielewa kwasababu naamini wapo maelfu wanaohitaji kukisikia. Metformin ni dawa nzuri, imenisaidia na mpaka leo naitumia, mtu asisome barua hii akaitupa. Ila ukiitumia miaka mingi, hasa kwa dozi kubwa, inazuia utumbo mdogo kule mwishoni mwake usinyonye vizuri vitamini B12. Hiyo B12 mwili unaihitaji kidogo sana, mtu mzima anahitaji kama maikrogramu 2.4 kwa siku, lakini bila hiyo damu haitengenezwi vizuri na mishipa ya fahamu inaharibika. Na inapatikana kwenye vyakula vya wanyama, maini, nyama, samaki, dagaa, mayai, maziwa. Majani hayana. Ini linaweka akiba ya miaka kadhaa, ndio maana mtu anaanza dawa leo na asione kitu mpaka miaka minne mitano au zaidi ipite. Kwahiyo mimi nilikuwa nimeziba mlango wa mbele kwa dawa bila kujua, halafu nikaenda kulipa karibu nusu milioni niambiwe nizibe na wa nyuma.

Kuna jambo lingine ndani ya hilo kopo ambalo lilinitisha zaidi. Miezi miwili kabla ya pini nilipimwa wingi wa damu, nikaambiwa ni 12.4, damu ipo mama, huna tatizo. Tabibu akanionyesha kwenye kopo ile foliki asidi, na ilikuwa nyingi. Akasema B12 ikipungua kawaida damu nayo inapungua na chembe zake zinakuwa kubwa kuliko kawaida, hapo daktari anashtuka. Lakini mtu akimeza foliki nyingi damu inaweza kurekebika ikaonekana nzuri wakati B12 bado haipo, na mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika kimya kimya. Yani kopo linaweza kuwa limeficha ile dalili ambayo ingeniokoa mapema. Nikatafuta kwenye orodha yote ya kopo, chuma ipo, zinki ipo, vitamini A ipo, C ipo. B12 haipo.

Kipimo cha B12 pale hawana, nilienda maabara ya binafsi nikalipa elfu 60, majibu yakaja yako chini sana. Nikaanzishiwa sindano. Ile dawa ni nyekundu kabisa, ukiishika kwenye mwanga ni kama juisi ya rozela iliyochujwa, nilichomwa siku moja ndio siku moja hapana kwa wiki mbili, halafu kila mwezi, na saivi nameza kidonge cha B12 kila siku. Sindano moja ilikuwa elfu tano. Wiki ya tatu niliamka asubuhi nikakuta nimeshafagia uwanja kabla sijakumbuka kwamba mimi ni mtu wa kuchoka. Nililia pale uwanjani na fagio mkononi. Nguvu zilirudi, sio zote za miaka thelathini lakini za kufanyia kazi. Ganzi haikuondoka yote. Mguu wa kushoto umerudi karibu wote, wa kulia vidole vitatu bado havisikii, na tabibu aliniambia ukweli, kwamba mishipa ikikaa muda mrefu bila B12 kuna sehemu hairudi. Hivyo vidole vitatu ndio vinaniandikisha barua hii.

Naomba nisieleweke vibaya. Kidonge cha B12 nacho ni kirutubisho! Sipingi virutubisho hata kidogo, kimoja kimenirudisha kwenye cherehani. Ninachosema ni kwamba kilifanya kazi kwasababu kuna mtu aliuliza, akapima, akajua nini kimepungua, halafu akaweka hicho hicho kilichopungua. Na uchovu wa mgonjwa mwingine wa kisukari unaweza usiwe wa B12 kabisa. Unaweza kuwa sukari iko juu, au inashuka usiku akiwa usingizini, au figo, au moyo, au tezi ya shingo imelegea, au sonona, au damu imepungua kweli kwa minyoo au hedhi nzito. Hakuna kopo moja linaloweza kujua hayo yote.

Nina jirani, mtoto wake wa miaka 8 ana selimundu. Nchi yetu ni kati ya nchi zinazozaliwa watoto wengi sana wenye ugonjwa huu duniani, kwahiyo hapa nawasemea mama wengi. Kliniki anapewa foliki ya miligramu 5 na hiyo ni sawa, chembe za damu za mtoto wa selimundu zinavunjika haraka na mwili unatumia foliki nyingi kutengeneza mpya. Sasa mama mtu kuona mtoto amechoka na macho ya njano akaenda kununua sirapu ya kuongeza damu yenye madini ya chuma, akaongeza na kopo la aina ileile yangu. Anampenda mwanae, nani atamlaumu, tangu zamani sote tumeambiwa damu ikipungua ongeza chuma. Lakini mtoto wa selimundu mara nyingi hana upungufu wa chuma, chembe zikivunjika chuma inabaki humohumo mwilini, na akiongezewa damu hospitali anaingiza nyingine, na mwili wa binadamu hauna njia ya kuitoa chuma iliyozidi, inaenda kukaa kwenye ini na moyo. Mpaka kipimo kionyeshe imepungua, asipewe. Nilimwambia jirani apeleke chupa zote kliniki kama mimi nilivyofanya, akaenda, wakamwambia asimpe tena.

Ndugu yangu mwingine wa karibu, ameniruhusu nimseme bila kumtaja, anatumia ARV, kile kidonge kimoja cha siku wanachokiita TLD. Anafanya vizuri sana. Na yeye alichoka, na yeye akaletewa kopo, akawa anameza vyote kwa pamoja asubuhi kabla hajala, anywe maji aondoke. Kumbe ile dolutegravir iliyo ndani ya TLD ikikutana tumboni na madini kama chuma, kalsiamu na magneziamu inanasana nayo na haiingii mwilini inavyotakiwa. Nesi wa CTC, ile kliniki ya wenye VVU, alipojua alimpangia, kidonge cha ARV kwanza na madini baada ya masaa mawili, au kama ameanza na madini asubiri masaa sita, na kwa chuma na kalsiamu anaweza kumeza pamoja ikiwa ni pamoja na chakula. Jambo dogo kabisa la saa, lakini mtu asipoambiwa virusi vinaweza kupanda halafu aonekane hamezi dawa. Yule aliyemuuzia kopo alijua kabisa anatumia ARV. Hakumwambia, na naamini na yeye hakuwahi kuambiwa.

Wenye figo nao, nitapita haraka maana si eneo langu. Figo zikidhoofika haziwezi kutoa potasiamu, na juisi nyingi za afya na unga wa majani zina potasiamu nyingi, ikijaa kwenye damu moyo unaweza kusimama. Na uchovu wao mara nyingi unatokana na figo kushindwa kutengeneza ile homoni inayoagiza damu itengenezwe, hiyo ina sindano yake hospitali, haipo kwenye kopo lolote.

Binti yangu anasoma famasia chuoni, mwaka jana alipokuja likizo nikamuuliza hivi wataalamu hawajawahi kuyapima haya mavitamini kwa watu wetu, isije ikawa nalalamika kwa pini yangu tu. Akasema mama yamepimwa, na yamepimwa hapahapa Dar es Salaam. Akanisimulia kwamba miaka ya tisini, kabla ARV hazijafika kwa watu wa kawaida, walichukua wajawazito 1,078 wenye VVU, wengine wakapewa vitamini za kundi B, C na E, wengine wakapewa kidonge kisicho na kitu, na matokeo yaliyotoka 2004 yakaonyesha waliopata zile vitamini ugonjwa wao ulienda taratibu zaidi. Nilifurahi nikasema kumbe zinasaidia! Akasema subiri. Baadae ARV zilipokuja wakapima tena Dar hapohapo, watu 3,418 waliokuwa wanaanza ARV kati ya 2006 na 2008, nusu wakapewa vitamini kwa kiwango cha kawaida, nusu wakapewa kiwango kikubwa. Mwaka 2009 utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati, kwasababu wale wa kiwango kikubwa ini lilianza kuonyesha dalili za kuumia kwenye vipimo, na hawakupata faida yoyote ya ziada, vifo vyao havikuwa vichache kuliko vya wenzao. Mji uleule, vitamini zilezile, ugonjwa uleule. Kilichobadilika ni hali ya mgonjwa na dozi. Mimi nilikuwa naambiwa ongeza kijiko wakati jibu hili lilikuwa limeshatoka miaka kumi na zaidi kabla, na limetoka kwa damu ya Watanzania wenzangu waliokubali kupimwa. Ilitakiwa wao ndio tuwasikie redioni kwanza.

Na huyo huyo binti ndiye aliyeniambia kwamba mwaka uleule wa pini, 2022 mwezi wa sita, mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwaandikia madaktari wao kwamba upungufu wa B12 kwa wanaotumia metformin ni jambo la kawaida kutokea, hasa kwa dozi kubwa na muda mrefu, na wapimwe wenye dalili na wafikiriwe kupimwa mara kwa mara walio kwenye hatari. Nikawaza, mwezi wa sita mimi nilikuwa kwenye kopo la pili.

Kwahiyo nina maombi, na nayaelekeza panapohusika.

Kliniki zetu za kisukari, naomba kwenye ile foleni liongezwe swali moja tu, unachoka, na miguu inawaka au ina ganzi? Kwa mtu aliyetumia metformin miaka mingi anayejibu ndiyo, B12 ipimwe, na kama kipimo hakipo basi aambiwe kipo wapi asiachwe na jibu la umri. Kipimo kile kishuke bei au bima zikilipie, elfu 60 kwa mama ntilie mwenye kisukari ni pesa ya wiki nzima, hata mimi nisingekuwa na kijana wangu aliyenitumia nisingepima. Na ule mfuko! Mwambieni kila mgonjwa aje na mfuko wenye vyote anavyomeza walau mara moja kwa mwaka, na akija msimkaripie. Mimi nilikuwa nalificha kopo kwa miezi tisa kwasababu nilimuona nesi akimfokea bibi mmoja mbele ya watu kwa kutumia mitishamba, nikasema mie sithubutu.

TMDA, mamlaka ya dawa, na TBS, shirika la viwango. Tangu 2019 vyakula vilihamia TBS na dawa zikabaki TMDA, na hawa wauzaji wanapita hapo katikati, wakiulizwa wanasema hiki ni chakula, wakija sebuleni kwako kinatibu kisukari, figo na uzazi. Kitu kinachoahidi kutibu ugonjwa kiangaliwe kama dawa, na maandishi ya kopo yawe ya Kiswahili na ya ukubwa wa mtu wa miaka 54 kuyasoma bila tochi, yaandikwe wazi kina nini na kiasi gani na nani asitumie. Watu wananunua kwa laki moja na elfu sitini na tano kitu ambacho hawawezi kukisoma.

Na wewe Mhariri, nisamehe, lakini nawe upo. Gazeti lenu nalisoma tangu binti, nawaheshimu, na najua matangazo ndio yanalipa mishahara. Ila mkipokea tangazo la kopo la nguvu kwa wagonjwa, muulizeni mwenye tangazo maswali mawili tu, kina nini ndani na kwa kiasi gani, na mtu wa ARV au wa selimundu au wa figo akitumia itakuwaje. Akishindwa kujibu msilichapishe. Na ule ukurasa wa afya wa kila wiki mtafuteni mfamasia aandike mambo madogo madogo kama haya, kwamba kidonge cha chuma ukikishushia na chai ya rangi chuma nyingi haiingii, kimeze na maji au juisi ya limao, chai subiri walau saa moja. Hicho nilikuwa sikijui nikiwa na ujauzito wa watoto wanne, na kila mara nilipewa vidonge vya chuma na kila mara nilivishushia na chai.

Dada yule wa kwaya bado tunaimba wote. Nilimwonyesha unyayo wangu na nikamsimulia yote, alinyamaza sana, akaniambia na yeye mama yake anatumia metformin mwaka wa nane. Sote wawili tulimpeleka huyo mama kupima.

Kopo moja zaidi la nne, lile alilonipa kama zawadi ya kumaliza dozi, sijalifungua, lipo kabatini na karatasi yake na risiti. Mwandishi wenu akitaka kuja kulipiga picha na kusoma kilichoandikwa aje, karatasi ina kila walichoahidi. Asubuhi nakuwa kazini, aje baada ya saa tisa.

Fundi wa sare,
Morogoro.